Ukiulizwa Unatoka Wapi

Levina mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ileile uliyojifunzia kuandika jina lako, nimeyasogeza pembeni madaftari ya kidato cha tatu yanayonisubiri tangu Jumatatu. Wewe umekwenda kijijini kumuaga bibi yako na utarudi na gari la jioni linalotoka Matai. Baba yako yuko uani anahangaika na zipu ya begi lako. Anaisemesha kama anavyoisemesha pikipiki yake inapogoma. Nimemwachia kazi hiyo, pamoja na kazi ya kukukumbusha habari za shuka, ndoo, nauli na kutolala ndani ya basi simu ikiwa mkononi. Anayajua mambo hayo kuliko mimi, tena anayafurahia. Mimi nimejitwalia jambo moja tu, lile ulilolisema juzi tulipokuwa tunachambua mchele.

Ulisema, bila kuinua uso kutoka kwenye sinia, "Mama, chuoni wakiniuliza natoka wapi, nitasema Mbeya. Yaishe."

Nikakujibu, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama chumvi imetosha, nikaendelea kutoa vijiwe. Tangu hapo neno lako limenikaa kifuani kama punje iliyopita njia isiyo yake. Hujanikosea. Mbeya ni mji mzuri, na basi lenu litapita pale kesho, kwa hiyo hata uongo wenyewe si mkubwa. Kinachonisumbua ni kwamba nadhani ninajua ulikojifunza kulikwepa swali hilo. Ulijifunza kwangu, ingawa mimi nililikwepa kwa mlango mwingine.

Unalijua swali lenyewe. Mtu wa Ufipa akivuka Tunduma tu, linamngoja, na utani wa uchawi wa radi nyuma yake. Nilipofika chuo kikuu kwa mara ya kwanza niliwakuta wenzangu wa chumbani wameshatandika vitanda na kupanga masufuria yao chini ya dirisha.

"Karibu, dada. Unatoka wapi?"

"Sumbawanga."

Yule wa kitanda cha juu akashusha miguu taratibu, akasema, "Jamani, nani anabadilishana kitanda na mimi? Roho yangu bado naihitaji." Wakacheka. Mwingine akataka kujua kama nimekuja kwa basi au kwa ungo, na kama nikikasirika radi hupiga palepale au husubiri wingu.

Wapo watu wetu wanaokasirika wakiulizwa hivyo, nao huchekwa zaidi. Wapo wanaosema Mbeya. Mimi nilipata njia ya tatu. Niliweka begi chini, nikajibu, "Ungo uko gereji. Ndiyo maana nimechelewa."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na kabla jua halijazama nilikuwa na marafiki. Sitakudanganya, ilikuwa raha. Muhula ulipofika katikati bweni zima lilikuwa linaniita Dada Radi. Walinifuata jioni za kuamkia mitihani wakisema, "Dada Radi, tunaomba uipige ofisi ya mitihani, ila usimguse mlinzi, ana watoto." Nilikuwa na jibu kwa kila swali. Niliyatunga majibu hayo kwa bidii ambayo, kama ningeiweka kwenye vitabu, ingenipatia daraja la kwanza.

Vichekesho hivi umevisikia tangu utotoni, kwenye sherehe za kipaimara na harusi za ndugu zetu, na mara nyingi ulicheka kabla sijafika mwisho. Kuna kipande ambacho huwa sikisimulii, kwa sababu hakichekeshi.

Tulikuwa na mhadhiri wa historia, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, ambaye akiingia darasani watu walijikuta wananyamaza ili wamsikie. Alitupa kazi ya kuandika juu ya shughuli yoyote ya mikono tuliyoiona nyumbani. Nikaandika habari za matuta. Wewe sasa unayajua kwa mgongo wako, lakini darasani hakuna aliyeyajua. Hakuna aliyejua kwamba huku kwetu ulezi haumwagwi shambani hivihivi. Msimu mmoja kabla, mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi ndefu hugeuzwa na kufukiwa chini ya matuta makubwa ya duara. Juu yake hupandwa maharage, chini yake nyasi zinaoza polepole. Mvua za mwaka unaofuata zikikaribia, matuta hubomolewa, ule udongo ulioiva hutawanywa, na ndipo ulezi unapopandwa. Niliandika jinsi mama yangu, yaani bibi yako, alivyokuwa anakanyaga tuta kwa kisigino na kujua kama limeshiba. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa tayari katikati ya sentensi. Sijui kama hicho ndicho watu wanachokiita kuvuviwa. Mimi nilikiona kama homa isiyouma.

Mhadhiri alinirudishia insha ile akasema, "Utaisoma mbele ya semina."

Siku ilipofika nilisimama na karatasi zangu mkononi. Kabla sijafungua mdomo, viti vya nyuma vilianza kugonga meza: "Radi! Radi! Radi!" Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wananipenda. Nikaziangalia karatasi, nikawaangalia wao. Kwenye karatasi palikuwa na kitu ninachokipenda, na mtu hujeruhiwa kupitia kitu anachokipenda. Utani haumjeruhi anayeutoa. Nikazikunja karatasi, nikasema, "Leo nitawafundisha namna ya kurusha ungo sehemu za mwinuko." Nilisimama pale nikiwachekesha mpaka muda wangu ukaisha. Mhadhiri naye alicheka, kidogo. Kisha alikusanya vitabu vyake, na tulipokutana mlangoni aliniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Umetuchekesha sana. Mimi nilitaka kukusikia."

Hakuniomba tena. Nilifaulu, nikapata shahada, nikawa mwalimu, na nadhani si mwalimu mbaya. Lakini lile lililoanza kwenye insha ile sikuliendeleza, na badala ya kukubali kwamba niliogopa, nikajijengea elimu ya kunitetea. Nikawa nasema wanaoandika habari za vijiji wanatafuta posho za semina, na wanaosimama mikutanoni na machozi machoni wanatafuta kura. Kebehi ina sifa moja, mwanangu, na ndiyo inayoifanya iwe ngumu kuiacha: haikosei mara nyingi. Ukisema kila mtu ana lake, kwa kawaida utakuwa umepatia. Inakupa alama bila kukutoa jasho la mtihani. Kwa miaka mingi nimezichukua alama hizo, nikajiona mwerevu, na hapa nyumbani nikazigawa kama karanga.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Ulipokosa nafasi ya chuo mwaka jana ukalazimika kusubiri, ulisema maisha yako yamesimama. Mimi pia niliona hivyo. Nilikupeleka kwa bibi yako ukamsaidie msimu wa mvua, na kwa kweli nilikupeleka ili usilie mbele yangu. Ndipo radi ilipopiga ule mkaratusi wa kilimani na kuua mbuzi wa mzee Kalisto waliojikinga chini yake.

Kumbuka jinsi habari ilivyokwenda haraka. Siku chache kabla, mbuzi haohao walikuwa wameingia kwenye maharage ya Bibi Felista, jirani wa bibi yako, mjane asiye na mtoto wa kumsemea, naye aliwafukuza huku akisema mbuzi hao Mungu anawaona. Basi, ikatosha. Mkutano ulipoitwa kwenye darasa la shule ya msingi, nami nikiwa nimekuja siku hiyo kuwaletea sukari, kila mtu alijua ulikuwa umeitwa kwa ajili ya nini, hata kama mwenyekiti alifungua kwa kusema tumekutana kuzungumzia usalama wa mifugo. Bibi Felista alikaa karibu na mlango, kitenge kimevutwa mpaka kidevuni. Mzee Kalisto alisimama akasema hamtaji mtu, ila mwenye radi yake anajijua.

Wewe ukasimama. Nilikuwa dawati la nyuma yako na niliona vidole vyako vikishika ukingo wa dawati kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Shikamooni," ulisema. Ukaeleza kwamba radi ni umeme, kwamba hutafuta kilicho kirefu mahali palipo wazi, kwamba mkaratusi ule ndio mti pekee kilimani. Sauti yako ilitetemeka, na ulichanganya maneno ya darasani na ya nyumbani, na Kiswahili chako kilikuwa na lafudhi yote ya Ufipa. Mzee Kalisto alikusubiri umalize. Kisha akauliza kwa upole wa mtu anayejua kwamba atashinda, "Mjukuu wangu, hiyo radi ya shuleni na hii yetu ya hapa, ni ndugu?"

Darasa lilicheka. Nilidhani utakaa. Hukukaa.

"Babu, mwaka juzi radi ilipiga mti wa kanisani. Padri alikuwa amegombana na nani?"

Kile kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Watu walicheka, halafu wakaangalia chini. Mwenyekiti akagonga meza: "Binti, kaa. Wakubwa wanaongea." Ukakaa. Na hapo mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akageuka: "Mwalimu, wewe msomi wetu, unasemaje?"

Watu wote wakageuka. Nilikuwa na kila kitu cha kusema. Ninaifundisha Historia, nimeishi zaidi yako, na nina heshima kijijini hapo ambayo wewe hukuwa nayo. Kumbe kilichokuwa karibu zaidi na ulimi wangu kilikuwa kilekile cha miaka yote. Nikasema, "Mimi msiniulize, ungo wangu uko gereji."

Wakacheka sana. Mwenyekiti naye alicheka mpaka akafuta macho, mkutano ukavunjika bila azimio lolote. Kwa muda nilijifariji kwamba utani wangu ulipoza moto, na huenda kuna ukweli ndani yake, kwa sababu watu waliocheka pamoja hawaendi kuchoma nyumba ya mtu jioni hiyo. Sijaweza kulikataa wazo hilo kabisa, wala sijaweza kulikubali. Ila watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa Bibi Felista. Wa pili ulikuwa wewe, na uligeuka ukaniangalia. Hukuwa na hasira. Uliniangalia kama mtu aliyekuwa ananyoosha mkono kushika ukuta gizani, akakuta ukuta haupo.

Hujawahi kunilaumu kwa siku ile. Heri ungenilaumu. Mama yangu angesema mtoto asiyemlaumu mzazi wake ama amemsamehe au amemshusha thamani, na sijathubutu kukuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Hakuna aliyemfukuza Bibi Felista. Waliacha tu kumsalimia, na kijijini kunyimwa salamu ni kufukuzwa kunakokwenda taratibu. Ikaja Machi, nyasi zimefika kifuani, wakati wa kufukia. Alifanya kama anavyofanya kila mwanamke asiye na mikono mingi nyumbani: akapika pombe ya ulezi, akapeleka habari kwa majirani kwamba Jumamosi analima matuta. Sehemu iliyobaki ninaijua kwa kusimuliwa na bibi yako, nawe ukinikuta nimekosea utanirekebisha.

Asubuhi ile shamba lilikuwa tupu. Pombe imechujwa, imejaa kwenye mitungi, harufu imefika mpaka barabarani, na hakuna hata mtoto aliyekuja kuchungulia. Bibi yako akachukua majembe mawili nyuma ya mlango. "Mke mwenzangu," alikuambia, "jana ulinisomea kitabu nikasinzia. Leo njoo nikusomeshe mimi."

Ninacheka kila nikilifikiria tuta lako la kwanza. Bibi yako anasema lilifanana na kaburi la kuku. Anasema Bibi Felista, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mfike, alisimama akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyasi ziingie tumboni, mama. Ukiziacha nje hivyo zinaota tena, na mwakani utalima nyasi."

"Nitabomoa nianze upya."

"Usibomoe. Funika tu. Hata mimi la kwanza lilikuwa hivyo, mume wangu aliwaonyesha wageni."

Mkaendelea wanawake watatu, wawili wazee na mmoja mwenye malengelenge, mpaka jua lilipokaribia utosini. Ndipo mzee Kalisto alipotokea kwenye njia, jembe begani, akitazama kila upande isipokuwa kwa Bibi Felista. Akasema, "Nimesikia pombe itachacha. Pombe haina kosa." Akaingia kwenye mstari. Baada yake wakaja wanawe, na baada ya wanawe wakaja wale waliokuwa wanasubiri kuona nani ataanza. Nilipofika alasiri nikitokea mjini nilikuta shamba zima lina matuta, watu wamekaa wanapokezana kata, na Bibi Felista anapita katikati yao akimimina, kitenge amekifunga kiunoni.

Jioni tukiwa njiani nilikuambia kwamba umefanya jambo kubwa. Ulinyanyua mabega. "Walifuata pombe tu, Mama. Usijidanganye."

Nilicheka, kwa sababu ulilisema vizuri. Ni baadaye, nikiwa nimelala, nilipotambua nilichokuwa nimekisikia. Ilikuwa sentensi yangu. Ilikuwa na mdundo wangu na lile bega langu linalonyanyuka. Nimekulea kwa uji, kwa sala na kwa sentensi hiyo, na sasa wewe, uliyesimama pale mimi niliposhindwa kusimama, ulikuwa unaitumia kuifuta kazi ya mikono yako mwenyewe. Na nadhani, ingawa sina uhakika, ndiyo iliyozaa lile la Mbeya. Mtu akishaamua kwamba watu hufuata pombe tu, kwa nini ajichoshe kuwaambia anatoka wapi?

Nimeichunguza sentensi yako kama ninavyosahihisha insha, na kusema kweli siwezi kuiwekea mkasi kirahisi. Pombe ilikuwepo. Ilikuwa nzuri. Lakini pombe hiyohiyo ilikuwa imeiva tangu alfajiri na harufu yake ikazunguka kijiji kizima, na hakuna aliyeifuata mpaka jembe lako lilipoanza kusikika. Huo ni ushahidi wangu wa kwanza, na ninakiri kwamba sikuwepo asubuhi.

Wa pili nimeupata wiki iliyopita, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Nilikutana na mzee Kalisto mjini, amekuja kuuza mahindi. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamuuliza bila kuzunguka: siku ile ya matuta, ulikwenda kwa nini?

"Kwa nini unauliza, Mwalimu? Nilikunywa kuliko haki yangu?"

"Hapana, baba. Mwanangu anasema mlifuata pombe."

Alifikiri. Unamjua anavyofikiri, kama mtu anayetafuta senti mfukoni. "Yule binti yako," akasema, "aliniuliza padri aligombana na nani. Nilikwenda nalo swali hilo nyumbani. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimechunga nalo. Sina jibu. Na mimi ni mtu mzima, siwezi kwenda kwa mtoto kumwambia sina jibu. Mtu asiye na jibu anashika jembe."

"Kwa hiyo sasa unaamini radi ni umeme?"

"Nani kasema? Radi hutumwa." Akainua gunia lake begani. "Ila si Felista." Alipofika mbali kidogo akageuka. "Na pombe nayo ilikuwa nzuri. Mwambie hilo pia, asije akasema nimemdanganya."

Nimekuambia yote mawili kama alivyotaka. Wewe unakwenda kusomea uandishi wa habari, utakutana na watu wengi watakaokufundisha kupima maneno kwa idadi ya waliopiga makofi. Siku ile hakuna aliyekupigia makofi. Ulichekwa, ukaambiwa ukae, na mama yako mzazi akawachekesha watu juu ya kichwa chako. Ukatoka pale ukiamini kwamba umesema bure. Kumbe swali lako lilikuwa linatembea nyuma ya mbuzi wa mzee mmoja kilimani, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyekuwa anajua, hata wewe. Ningekuwa mhubiri, hapa ningeyageuza matuta kuwa mfano na kukuambia habari za nyasi zinazooza gizani. Nakuhurumia, naacha. Nasema tu kwamba hukubadilisha anachokiamini mzee Kalisto kuhusu mbingu, ila ulibadilisha anachokiamini kuhusu jirani yake. Kati ya hivyo viwili, sijui kama mwanahabari anaweza kuomba zaidi.

Watu huniambia nijivunie kwamba umepata chuo. Najivunia, na nimekwisha kuwaringia walimu wenzangu mpaka wananikimbia. Lakini ninapokaa peke yangu, kinachonifanya nikae wima ni ile sauti yako iliyotetemeka na haikunyamaza. Mimi yangu haikutetemeka hata siku moja. Ilikuwa laini, ina mzaha, inapendwa na kila mtu, na nilipofika umri huu nikakuta imenisemea maisha yangu yote bila mimi kusema kitu. Kama kuna ushauri hapa, sijui kuuweka vizuri. Labda ni kwamba usiisubiri sauti yako itulie ndipo uitumie. Labda hata hilo si kweli kwa kila mtu. Wapo ambao utani uliwaokoa kweli, na siwezi kuapa kwamba chumba kile cha wasichana kingenipokea bila ungo wangu. Nimelipa bei, nikapata nilichonunua. Ninachotaka ni wewe uijue bei kabla hujalipa.

Kuhusu Mbeya, sitakukataza. Utakuwa umechoka, utakuwa mgeni, na kuna siku mtu anahitaji kulala bila kueleza kwao. Ukisema Mbeya siku hiyo, nitakuwa mama yako vilevile.

Lakini kuna jambo ambalo ni haki ulijue kabla hujafika. Jana Bibi Felista alimtuma mtu kwangu na kifuko. Ni maharage ya kwenye matuta yale, ameyachambua punje moja moja, na mtu wake alikuwa na maagizo mafupi: "Ya mwanafunzi. Yale ya tuta la kaburi la kuku nimeyachanganya humohumo, nayo yamezaa." Nimeyaweka chini kabisa ya begi, chini ya shuka, ili yasimwagike. Utayapika na wenzako wa chumbani, na kwa kuwa maharage ya Ufipa yanaiva upesi na mchuzi wake ni mzito, hakika kuna mmoja ataonja, ataweka kijiko chini, aulize, "Haya yametoka wapi?"

Sijui utajibu nini. Ningependa kusikia.

Baba yako ameingia sasa hivi kunitangazia kwamba zipu imekubali. Nasikia gari la Matai linashuka barabarani. Nakunja karatasi, nije kukufungulia geti.

Mama yako